Dakika 33 za Ngomeni

Saiba yetu, duka la intaneti, ilikuwa Kibokoni, Mombasa, orofa ya chini ya nyumba ya zamani yenye roshani ya mbao. Ukitoka mlangoni ukashuka kwa mguu, jasho halijakutoka umeshafika Ngomeni, ile ngome kongwe ya Wareno. Nazungumzia miaka ya 2003 na 2004. Serikali ya Narc hapa Kenya ilikuwa ingali mpya na watu wana matumaini nayo, simu ya mkononi ilining'inizwa shingoni ili ionekane, na intaneti iliuzwa shilingi moja kwa dakika. Watu wazima walikuja kusoma barua za jamaa zao walioko Muscat, Dubai na Toronto. Sisi wa shule tulikuja kwa ajili ya mashine tatu za nyuma. Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Ammi, alikuwa amechoka kuzihangaikia zishike intaneti, akaziunganisha zenyewe kwa zenyewe kwa waya na kutukodishia kwa nusu bei.

Gemu iliyotawala pale ilikuwa Age of Empires II, iliyotoka mwaka 1999, pamoja na nyongeza yake The Conquerors ya mwaka 2000. Sidii ilikuwa ya kuchomwa, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Waliopenda mpira walicheza mechi zao wakaondoka. Sisi wa vita tulikaa mpaka Ammi aanze kufunga madirisha kwa kishindo.

Kwa asiyeijua, unaanza na wanakijiji watatu, mpanda farasi mmoja wa kupeleleza, na ukumbi wa mji katikati ya msitu. Unachinja kondoo, unakata miti, unachimba dhahabu na mawe, unapanda daraja kutoka Zama za Giza hadi zama za mizinga, kisha unakwenda kuuvunja mji wa mwenzako kabla hajauvunja wako. Mataifa yalikuwa 18. Wasaraseni waliitika kwa Kiarabu ukiwabonyeza, jambo lililotufurahisha sana sisi watoto wa madrasa. Walikuwepo Waviking, Wajapani, Waazteki, na wale Huns ambao saiba nzima iliwaita Wahuni. Kutoka kusini mwa Sahara hakuwepo hata mmoja.

Mwana wa mama mkubwa, aliyenitangulia madarasa mawili, alikuwa na ugonjwa wa ukweli. Nilimwita Kaka na bado namwita hivyo. Hakuweza kucheza nusu saa bila kusimamisha vita ili alalamike. Mamluki wa Wasaraseni alimkera kuliko wote. Katika gemu, Mamluki hukaa juu ya ngamia akatupa upanga wa kupinda, ukaruka hewani ukampata mtu, na mara mkononi ana mwingine, na mwingine tena, hauishi. “Mamluki wa kweli alipanda farasi,” Kaka alisema, “akapiga mshale na mkuki. Ndio hao waliowasimamisha Wamongolia pale Ain Jalut mwaka 1260. Sasa nani huenda vitani akautupa upanga wake?” Waazteki nao walinyimwa farasi, na hilo lilimridhisha, maana farasi aliletwa kwao na Wahispania. Lakini gemu iyo hiyo iliwapa mkokoteni wa magurudumu na askari wa deraya za chuma, vitu ambavyo hawakuwa navyo vitani wala sokoni. Akanuna upya.

Sisi wengine tulimcheka. Tulikuwa na maneno ya siri ambayo ukiyaandika, ukumbi wa mji unatoa gari la mashindano lenye bunduki, na gari hilo tulilipitisha katikati ya mashujaa wa Joan wa Arc bila kuona haya.

Siku moja alileta lalamiko lililotunyamazisha. Tulikuwa kwenye vita vya Hattin, katika mfululizo wa Saladin, ambapo kazi yako ni kuwanyang'anya Wapiganaji wa Msalaba kipande cha msalaba wao. Kaka alikuwa amesoma mahali kuhusu siku ile, tarehe 4 Julai 1187. Jeshi la mfalme wa Jerusalem lilishindwa na kiu kabla halijashindwa na upanga. Lilitembezwa kwenye nyika kavu katikati ya kiangazi, Saladin akawazibia njia ya maji, akawawashia nyasi moshi uwaingie machoni. “Mwaona hawa?” alituuliza, akionyesha kwa kalamu wale askari wa kioo cha kompyuta. “Wamesimama hapa tangu tuje. Hawanywi. Hawali. Askari humlipia chakula siku ya kuzaliwa tu, basi. Baada ya hapo waweza kumsahau miaka mia.”

Ni kweli. Ukitaka askari wa kwanza kabisa ulikuwa unalipa chakula 60 na dhahabu 20. Akishatoka kambini hagharimu kitu tena mpaka auawe. Kwa hiyo katika gemu ile, ngome iliyozingirwa haiwezi kufa njaa. Unaweza kuizunguka hadi Ammi afunge duka. Walio ndani watakuwa na afya ileile. Nilipoelewa hilo, niliona kwamba tofauti kati ya gemu na vita haikuwa katika ngamia na deraya. Gemu ilikuwa imeondoa kungoja. Na vita vingi vya zamani, ukivisoma vizuri, ni watu wanaongoja, tumbo linauma.

Ndipo likatujia wazo la kuitengeneza Ngomeni yetu wenyewe.

Ndani ya gemu mlikuwa na karakana ya kuchorea ramani. Unaweka bahari, unaweka miti, unapanga majeshi, kisha unatega masharti: likitokea hili, lifuate lile, zikipita sekunde kadhaa, ije merikebu. Masharti hayo tuliyaita mitego. Kaka ndiye aliyekuwa na historia, mimi ndiye niliyekuwa na subira ya mitego. Mjomba wetu aliongoza watalii Ngomeni, akatuingiza bila tikiti tukapime kuta kwa hatua.

Ngomeni ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, ikajengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe. Ukiitazama kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali, mikono na miguu ikiwa ni zile buruji nne. Hiyo haikuwezekana kuigwa, kwa sababu kuta za gemu hufuata miraba na hazijui kupinda. Tukaweka boma moja kwa kila buruji. Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1895, na tangu 1960 ni makumbusho. Mjomba alituonyesha michoro ya merikebu iliyochorwa na Wareno ukutani kwa makaa na udongo mwekundu, kazi ya mabaharia waliokuwa hawana la kufanya. Nilisimama mbele yake kwa muda. Huko ndiko kungoja.

Vita tulivyotaka kuvichora ni vile vya 1696. Watu wa Mombasa walikuwa wamechoshwa na Mreno, Imamu Saif bin Sultan wa Oman akatuma jeshi la watu wapatao 3,000, likafika mwezi Machi mwaka huo. Ngome haikuanguka mpaka Desemba 1698. Miezi 33. Ugonjwa uliwaua waliokuwa ndani wengi kuliko mizinga.

Mreno hakuwepo kwenye gemu yetu, tukamkodi Mhispania. Waomani wakawa Wasaraseni. Hata karne haikulingana, maana gemu inaishia pale mizinga inapoanza kuzoeleka, na sisi tuko mwishoni mwa karne ya 17. Kaka aliyameza hayo kwa taabu. Tulipofika kwenye ukurasa wa urafiki ndipo kazi iliposimama.

Ukurasa huo ni jedwali tu. Kila jeshi linapewa safu, na mbele ya kila jeshi jingine unachagua: rafiki, uadui, au hapana shauri. Huwezi kuliruka. Kitabu chetu cha shule kilikuwa na pande mbili, Wareno huku, Waarabu na Waswahili kule, na mimi nikajaza hivyo. Nyuma yetu alikuwa amekaa mzee mmoja wa Faza akingoja mashine ya barua pepe, kofia yake ya viua imekaa sawasawa kichwani. Alikuwa akitazama kioo chetu muda wote.

“Wanangu, hapo mmetia nini?”

“Waswahili wote na Oman, mzee.”

“Wote?” Akacheka kidogo. “Nyinyi mwadhani Mreno alikaa ngomeni miaka ile peke yake? Muulizeni mjomba wenu nani aliyeishika ile ngome Wareno walipokwisha kufa.”

Kwaheri hata hatukumpa vizuri, tulishakimbia. Mjomba alilijua jambo hilo, ila kwa watalii hulipita haraka kwa sababu lahitaji maelezo marefu. Mwezi Agosti 1697 kapteni wa ngome alikufa na Wareno wenzake walikuwa wameshakwisha. Aliyeshika uongozi ni Bwana Daud, mwana wa wakubwa wa Faza, pamoja na jamaa zake wachache na watu wa pwani waliokuwamo ndani, wengi wao wanawake. Bendera ya Mreno ikaendelea kupepea, na chini yake hapakuwa na Mreno.

Na Faza hiyo ndiyo iliyochomwa na Wareno mwaka 1587, mfalme wake akauawa pamoja na watu wake, kwa kosa la kumpokea Mturuki. Miaka 110 baadaye mwana wa Faza anamlindia Mreno ngome. Kwa nini? Kwa sababu ya Pate. Faza na Pate ni miji ya kisiwa kimoja, na ugomvi wao ni mkongwe. Pate ilipoegemea Oman, Faza haikuwa na njia ya kusimama upande uleule. Hapo ndipo tulipovunja jedwali letu na kulijaza upya. Tukatoa safu kwa Faza, tukatoa safu kwa mji wa Mombasa. Walimu wangu walinifundisha mengi, lakini hakuna aliyenilazimisha kuamua nani ni rafiki wa nani mpaka niliposimamishwa na ukurasa ule.

Kisha tukaweka saa. Dakika moja kwa kila mwezi, jumla dakika 33. Dakika ya 9 waje wasaidizi kutoka Goa, kama walivyokuja Desemba 1696. Dakika ya 17 afe kapteni. Dakika ya 18 ifike merikebu Santo António de Tanna, na dakika ya 19 izame chini ya kuta, pale ambapo wapiga mbizi walikuja kuichunguza miaka ya 1977 hadi 1980. Baadhi ya vitu vyake vimo makumbushoni hadi leo. Na kwa kuwa gemu haina njaa, mimi nilitega njaa. Kila baada ya sekunde 20, mtego ulikuwa unapunguza uhai wa kila aliyemo ndani ya kuta. Hupigwi na mtu. Unapungua tu.

Jumamosi ya kwanza tulimkalisha kijana mmoja wa Makadara acheze Mreno, fundi kweli wa gemu hiyo, ambaye hakuna aliyemweza kwa kushambulia. Alizungusha wapanda farasi wake uani. Akatafuta msitu wa kukata, hamna. Akatafuta kondoo, hamna. Akatazama vijistari vya uhai vikipungua rangi kutoka kijani kwenda nyekundu, mtu mmoja mmoja. Dakika ya 9 wasaidizi walipofika, tayari alikuwa amesimama.

“Gemu gani hii, yakhe? Mtu akaa tu akifa?”

“Ndivyo ilivyokuwa,” Kaka akamjibu, na usoni ana fahari.

“Basi wacha wafe wao. Mimi nalipa hela yangu.”

Akaenda zake kula viazi karai. Kaka alisema ni mtu asiye na akili. Mimi nilimwona ana haki. Mtu aliyetoa shilingi zake hawezi kuambiwa akae atazame maiti kwa sababu maiti ni za kweli. Makumbusho yatafanya kazi hiyo, kitabu kitafanya. Gemu isipokupa la kuamua si gemu, hata kama kila jiwe liko mahali pake.

Tulibishana juma zima, na Kaka alikuwa mgumu. Alihofia kwamba nikiipunguza njaa, Ngomeni itageuka kuwa vita vya kawaida vya kujenga na kubomoa, na mwisho tutaona lile gari lenye bunduki likitoka mlango wa kanisa. Hofu yake ilikuwa na msingi. Mwisho tulipunguza makali ya njaa, tukampa Mreno mashua ndogo za kutoroka usiku kutafuta chakula ng'ambo, na tukambebesha kazi ya kuchagua nani apate. Jambo hilo la mashua hatukulipata kwa mjomba, tulilitunga. Lakini badiliko kubwa lilikuwa la dakika ya 17. Tuliamua mashine ya tatu ichezwe na mtu, awe Bwana Daud. Kwanza anakuwa na watu wachache tu, hana amri, anatumwa. Kapteni akifa, mtego unamkabidhi ngome yote: kuta, mizinga, milango, wagonjwa. Aliyekuwa akicheza Mreno anatoka, anabaki kutazama.

Nakumbuka mvulana wa kwanza kukabidhiwa. Alitulia kidogo, akafungua ukurasa wa urafiki, akaweka alama ya rafiki mbele ya Oman, na milango ya Ngomeni ikafunguka yenyewe, maana milango ya gemu humfungukia rafiki. Saiba ililipuka. Wasaraseni waliingia wakipita kando ya wanawake waliokuwa uani, vita vikaisha dakika ya 18.

Kaka alipiga meza. “Hakufungua! Daud hakufungua!”

“Kwani alikatazwa?” mvulana akauliza.

Swali hilo nimelisikia baadaye kwa wanahistoria, kwa maneno marefu zaidi. Alikatazwa na nani? Mreno gani alikuwa amebaki wa kumkataza? Wavulana waliofuata walijaribu kila namna. Mmoja alifungua akitarajia kupewa zawadi, akasahau kwamba jeshi la Pate limo miongoni mwa walioingia. Tulikuwa tumewaweka adui wa Faza kwenye jedwali, wakawamaliza watu wake papo hapo. Kuanzia siku hiyo milango haikufunguliwa ovyo. Hakuna aliyewahubiria. Walikuwa wamepata sababu ya Daud kwa kuuawa.

Msimamo wangu tangu hapo haujabadilika. Mnipe ngamia badala ya farasi, upanga unaoruka, Mhispania badala ya Mreno, mwezi uliogeuzwa dakika. Yote nayapokea ili mtu abaki kwenye kiti. Nisichokubali ni kufutiwa chaguo lililokuwa mbele ya watu wa kale, au kufutwa watu wenyewe wakabaki mandhari.

Na hilo ndilo ninaloziulizia gemu zilizokuja baadaye. Civilization IV ya mwaka 2005 ilifunguliwa kwa “Baba Yetu” wa Christopher Tin, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, wimbo uliopata tuzo ya Grammy mwaka 2011, wa kwanza kutoka kwenye gemu. Mlangoni wanakukaribisha kwa Kiswahili. Ukiingia, Mswahili hayumo. Civilization VI ina mji wa Zanzibar, na ukiwa mfadhili wake unapewa mdalasini na karafuu. Unaweza kukutana nao zama za kale, karafuu zimeshawiva, ilhali karafuu ilifika Unguja karne ya 19. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba Zanzibar hiyo haichezwi, inachumwa tu. Nyongeza ya mwaka 2018 ikaleta Kilwa Kisiwani kama ajabu la dunia ambalo taifa lolote lenye pwani laweza kulijenga. Nimemwona Mnorwe akijenga Kilwa kwenye barafu, nikacheka peke yangu.

Mreno naye aliingia Age of Empires II mwaka 2015, na mfululizo wake unakufanya umwongoze Francisco de Almeida, yule aliyeivamia Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Nilicheza. Mizinga yake ni mitamu. Kwa upande wa kucheza ukiwa mtu wa pwani, Europa Universalis IV ndiyo iliyonikosha: Kilwa, Malindi, Mombasa na Pate ni dola zenye hazina, madeni na majirani wasiopatana. Watu husema haina ukweli kwa sababu Mombasa ya mtu fulani iliishia kuuzingira Lisbon. Wacha iuzingire. Alipoanza alilazimika kwanza kufikiri afanye nini na Malindi, na hayo ndiyo mawazo ya kweli ya sultani wa Mombasa.

Kuna jambo moja ambalo Kaka alilishinda bila ya mimi kulipinga. Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698, na siku chache baadaye merikebu za msaada kutoka Goa zikafika, zikaona bendera si yao, zikageuza tanga. Kaka alitaka ziwemo. Nikamwambia vita vimekwisha, hakuna atakayeziona. Akasema ziwemo. Nikachelewesha tangazo la ushindi sekunde kumi, nikatega merikebu zijitokeze ukingoni mwa ramani, mashariki. Wengi hawakuziona, walikuwa wanashangilia. Waliokuwa wamecheza Daud ndio walioziona kila mara, na matusi yao siwezi kuyaandika hapa.

Saiba ilifungwa simu zilipoanza kubeba intaneti. Karakana ile ya ramani bado ipo, imo kwenye toleo jipya la mwaka 2019, ina Wareno wao wenyewe na mitego mingi kuliko tuliyokuwa nayo. Kijana wa Lamu, Faza, Siu au Mombasa unayesoma haya na unayo kompyuta: Vita vya Shela sijamwona aliyevichora. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mazrui wa Mombasa na watu wa Pate wanashuka ufukweni kuipiga Lamu. Vichore. Ngamia ukikosa, weka farasi. Ila jedwali la urafiki usilijaze kwa kitabu cha shule. Kwanza kaa na wazee wa pande zote tatu, uwasikilize.